Njia za miguu Usambara: Mgeni apita, mkulima abaki na nini?

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

UKISHUKA kwenye basi pale Mombo, katika barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Moshi, joto hukupokea kabla ya wapiga debe. Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mbele yako Milima ya Usambara Magharibi imesimama kama ukuta, na barabara ya lami ya kilometa 33 inaanza kupanda kwa kona kali, ikipita Soni penye maporomoko ya maji, hadi mji wa Lushoto ulio kwenye kimo cha mita zipatazo 1,400. Ukifika juu utaulizia sweta.

Katika barabara hiyo biashara mbili hupishana kila siku. Malori yanateremka na kabichi, karoti, viazi mviringo, pilipili hoho na matunda kwenda masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Wanaopanda, pamoja na wenyeji wanaorudi makwao, ni wageni wenye mabegi mgongoni na viatu vizito miguuni. Hawakuja kununua kabichi. Wamekuja kutembea.

Biashara ya kabichi kila mtu wa Lushoto anaijua, faida yake na machungu yake. Hii ya kutembea wengi bado wanaiona kama mchezo wa Wazungu: mtu mzima anaacha gari, analipa fedha ili apande mlima ambao mama wa kijijini anaupanda bure akiwa na tenga la mboga kichwani. Lakini ni biashara, na bidhaa inayouzwa ni njia. Swali ambalo mwandishi wa makala haya alikwenda nalo Lushoto ni dogo: njia hiyo inapita shambani kwa nani, na mwenye shamba anapata nini?

Njia zenyewe hazikuchongwa kwa ajili ya utalii. Ni za gulioni, za shuleni, za kisimani, za kwenda kumzika ndugu kijiji cha pili. Wasambaa tangu zamani wamejenga vijiji vyao mabegani mwa milima, na kati ya kijiji na kijiji kuna mtandao wa vijia ambao hakuna ramani iliyoumaliza. Vuga, makao ya kale ya watawala wa Kilindi waliotokana na Mbegha, haikuwa na barabara ya gari mwaka 1848 alipofika mmisionari Krapf. Alikwenda kwa miguu, kwa njia za watu, akiongozwa na watu. Kwa hiyo utalii wa kutembea Usambara una umri mkubwa kuliko tunavyodhani, ila siku hizo hapakuwa na stakabadhi.

Mpango wenye mpangilio ulianza katikati ya miaka ya 1990, Bodi ya Utalii Tanzania iliposhirikiana na shirika la maendeleo la Uholanzi, SNV, kuanzisha programu ya utalii wa utamaduni. Lushoto ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Vijana walifundishwa kuongoza wageni, njia zikapewa majina na bei, na sehemu ya mapato ikatengwa kwa shughuli za jamii. Wazo lilikuwa zuri, na vijana wengi wa Lushoto wamejenga nyumba kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, ukiifuata shilingi ya mgeni kuanzia asubuhi hadi jioni utaona inasimama wapi. Inasimama nyumba ya wageni, kwa mwongozaji, kwa mpagazi kama safari ni ya siku kadhaa, na kwenye ada ya kuingia hifadhini. Kwa mkulima ambaye mgeni amekanyaga ukingo wa tuta lake la karoti, shilingi haisimami. Kinachosimama hapo ni salamu, na pengine picha.

Kuna mahali pamoja panapoonyesha kuwa si lazima iwe hivyo. Njiani kwenda Irente, umbali wa mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, kuna shamba la Irente lililo chini ya Kanisa la Kilutheri. Hapo hutengenezwa jibini, jamu na mkate, na mtembeaji anayerudi kutoka ukingoni mwa mlima hukaa kwenye majani chini ya miti akala chakula cha mchana kilichotoka palepale. Hakuna uchawi. Ni maziwa, matunda na unga, vitu ambavyo Lushoto nzima inavyo. Tofauti ni kwamba mwenye shamba alijua jambo moja ambalo jirani zake hawakulitilia maanani: mtu aliyetembea saa mbili ana njaa, ana kiu, na anatafuta mahali safi pa kujisaidia. Ukimpa vitatu hivyo hatauliza sana bei.

Kabla ya kusema nani auze nini, ni vema msomaji azijue njia zenyewe, kwa sababu si kila mgeni ana miguu ya aina moja. Hapa ndipo Lushoto inapoyashinda maeneo mengi ya milima nchini. Kilimanjaro humtaka mtu mwenye mapafu na fedha nyingi. Usambara ina njia ya bibi, ya mtoto wa darasa la tatu, na ya kijana anayetaka kujitesa.

Nyepesi kuliko zote ni hiyo ya Irente. Kutoka mjini ni kilometa tano au sita kwenda, kwa barabara ya vumbi inayopanda polepole kati ya nyumba, migomba na mashamba ya mahindi. Mwisho wake ardhi inakatika ghafla. Unasimama juu ya jabali, na chini yako, kiasi cha mita elfu moja, ni tambarare ya Mazinde na mbuga za Wamasai zinazokwenda hadi macho yachoke. Asiyeweza kutembea anaweza kupelekwa kwa gari karibu na ukingo, hivyo mzee mwenye magoti mabovu na mtu anayetumia kiti cha magurudumu hawakosi kuiona. Ila ukingoni ni hatari, na mwenye watoto awashike mkono.

Irente hiyohiyo kwa miaka mingi imekuwa na shule ya watoto wasioona. Mwandishi alipopita hapo alijiuliza kwa nini kila njia ya utalii inauzwa kwa jicho peke yake. Msituni mtu asiyeona anasikia mbega wakingurumiana, anasikia maji kabla ya anayeona kuyaona, anashika magome na kunusa jani la mkulo lililosagwa kiganjani. Kamba iliyofungwa mti kwa mti kwa mita mia mbili, njia iliyosawazishwa isiyo na visiki, na mwongozaji aliyefundishwa, vinatosha kuanzia. Gharama yake ni ndogo kuliko bango moja la barabarani.

Njia ya wastani ni ya msitu wa Magamba, kaskazini ya mji. Ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mtembeaji hulipa kiingilio, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Sehemu ya njia zake ni barabara za zamani za kuvutia magogo, pana na zisizo na mwinuko mkali, zilizobaki tangu enzi za viwanda vya mbao. Juu yake miti imefungamana hata mchana unakuwa wa kijani. Kuna mapango ambayo wenyeji wanayaita ya Wajerumani, kuna vinyonga ambao hawapatikani nje ya milima hii, na kuna ukungu unaoingia saa tisa alasiri bila kubisha hodi. Mtu mwenye afya ya kawaida humaliza mzunguko kwa saa nne au tano.

Ya mabonde iko upande wa Soni. Huko njia hushuka na mto Bangala, katika nchi kavu zaidi, ikivuka maji mara kadhaa, na viatu vitalowa upende usipende. Inafaa kwa vijana na watu wasioogopa mawe yanayoteleza. Wakati wa mvua ni bora kuiacha.

Na ngumu ni ile ya siku tatu hadi tano, kutoka Lushoto kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, kijiji kilichokaa kwenye ncha ya milima kama ndege juu ya tawi. Kwa barabara ni kilometa zipatazo 60, lakini njia ya miguu haifuati barabara. Rangwi wageni wamezoea kulala kwa masista wa Kanisa Katoliki. Ukifika Mtae siku isiyo na mawingu unaiona Mkomazi chini yako, na wakati mwingine Kilimanjaro kwa mbali. Njia hii hupita vijiji vingi, na kila kijiji ni duka linalosubiri kufunguliwa.

Madaraja haya matatu au manne kila mwongozaji anayajua kichwani. Hayakuandikwa mahali ambapo mgeni wa Kitanzania, aliyekuja na familia Jumamosi, anaweza kuyasoma. Vibao vya mbao vyenye rangi vingetosha: kijani kwa njia nyepesi, njano kwa ya wastani, nyekundu kwa ngumu, na chini yake saa za kutembea badala ya kilometa. Mlimani kilometa hudanganya. Saa hazidanganyi sana.

Sasa turudi kwa mkulima, kwa sababu njia ina upande mwingine ambao wageni hawauoni. Njia ni mfereji. Siku ya pili ya safari yake mwandishi alipitishwa kwenye kijia kilichoteremka mlima moja kwa moja, kama mtu aliyedondosha kamba kutoka juu. Kilikuwa kimechimbika hadi kiunoni, udongo mwekundu umelainika kama sabuni kwa mvua ya usiku, na mwandishi alikishuka sehemu kubwa kwa makalio. Kando yake vijia viwili vipya vilikuwa vimeanza, ndani ya shamba la maharage, kwa sababu watu walishachoka kuteleza. Aliyekuwa na matuta kumi ya maharage alibaki na saba. Chini, maji yaliyoshuka na njia hiyo yalikuwa yameacha mchanga juu ya vitalu vya mboga vya mtu mwingine.

Dawa ya jambo hili wakulima wa Lushoto wanaifahamu kuliko mtaalamu yeyote wa utalii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi wa kuhifadhi udongo na kilimo mseto, SECAP, uliosaidiwa na Ujerumani, ulifundisha kupima kontua, kupanda majani ya tembo na guatemala juu ya matuta, na kuchanganya miti na mazao. Fremu A, ile herufi kubwa ya miti mitatu yenye uzi na jiwe, inapima njia kama inavyopima tuta. Kanuni inayotumiwa na wachonga njia wengi duniani ni kwamba njia isipande, kwa wastani, zaidi ya mita moja kwa kila mita kumi za mwendo. Mlima ukiwa mkali zaidi, njia inazungushwa. Uso wa njia unainamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke badala ya kutembea nayo. Penye mwinuko usioepukika huwekwa makinga maji ya mawe au magogo yaliyolazwa mshazari, na mwisho wa kila kinga maji kuwe na majani ya kupokea maji hayo, si kitalu cha jirani.

Hiyo ni kazi ya jembe, sururu na siku chache za msaragambo kila mwaka kabla ya masika. Lakini hapa historia inatupa onyo. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuokoa ardhi katika bonde la Mlalo, na miaka ya 1950 ukapanuliwa kwa jina la Mpango wa Usambara. Watu walilazimishwa kulima matuta kwa amri. Kitaalamu matuta yalikuwa na hoja. Kwa mkulima yalikuwa kazi ngumu isiyo na malipo kwenye shamba lake mwenyewe, chini ya tishio la faini. Wakulima walikataa, siasa za TANU zikapata mafuta ya kuwashia, na ilipofika 1957 mpango ukafa. Si kwamba Wasambaa hawakupenda udongo wao. Walikataa kufanyishwa kazi kwa faida wasiyoiona.

Anayetaka leo vijiji vitengeneze njia za watalii kwa msaragambo huku mapato yakiishia mjini, atakutana na babu zao.

Mabondeni mambo ni magumu zaidi. Huko ndiko pesa ya Lushoto inakolimwa. Maji ya kijito hugeuzwa kwa mifereji midogo, na ukanda wa kando ya mto hutoa mboga mara mbili hadi tatu kwa mwaka wakati milimani mahindi yanasubiri mvua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Piga hesabu: kwa kila mita 200 za mto, upande mmoja tu, ukanda huo ni mita za mraba 12,000, yaani karibu ekari tatu. Katika wilaya ambayo kaya nyingi zina ekari moja au mbili zilizogawanyika vipande, ekari tatu ni urithi wa watoto wote. Ndiyo maana sheria inaheshimiwa kwenye mikutano na kabichi inaendelea kuota ukingoni.

Mtembeaji hatembei kilometa elfu kutazama kabichi hadi kwenye maji. Anataka kivuli, mto safi na ndege. Kwa mantiki hiyo ukanda wa mita 60, ambao kwa mkulima leo ni hasara tupu, unaweza kuwa ndio sehemu ya shamba yenye soko jipya, endapo utapandwa miti ya asili, mizinga ya nyuki na miti ya matunda ya kivuli, na kijia chembamba kikapita ndani yake, mbali kidogo na maji, kwa kushauriana na maofisa wa mazingira na wa bonde. Lakini mwandishi hataki kumdanganya mkulima. Miti haitalipa kama pilipili hoho. Italipa sehemu, na itazuia kingo zisimezwe na mto, na itapunguza tope katika mfereji wa jirani wa chini. Sehemu iliyobaki lazima itoke kwa anayefaidi njia, ama kwa mgawo wa kiingilio, ama kwa mkataba wa kila mwaka na waongozaji. Bila hivyo tunamwomba maskini amtunzie tajiri bustani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kujifunzia hesabu tu. Kaya moja iko mwendo wa saa mbili kutoka mjini, kando ya njia ya wastani. Mara mbili kwa wiki inapokea kundi la watu sita kwa chakula cha mchana: ndizi au ugali, maharage, mboga za majani, matunda damu, na chai. Kila mtu analipa Sh8,000. Kwa siku ni Sh48,000, kwa wiki Sh96,000. Toa nusu kwa chakula, kuni, sabuni na kibarua wa kuosha vyombo. Zinabaki Sh48,000 kwa wiki. Kwa wiki 12 za kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ni Sh576,000.

Inapendeza karatasini. Sasa ipunguze. Wiki nyingine makundi hayaji. Weka nusu, zinabaki Sh288,000. Na kijijini huwezi kupokea wageni peke yako mwaka mzima bila majirani kununa. Kama kaya tatu zitapokezana, kila moja inapata Sh96,000 kwa msimu. Ni fedha ya sare na madaftari, si ya kujengea nyumba. Lakini haikuhitaji mbolea, haikuoza njiani kwenda Kariakoo, na hakuna dalali aliyeikata. Mboga zilezile zimeuzwa mlangoni kwa bei ya mezani, si kwa bei ya gunia.

Mwenye kutaka kuanza asikimbilie kujenga banda. Aanze na choo. Choo cha shimo chenye sakafu inayooshwa, ndoo ya maji, sabuni na mlango unaofungwa kwa ndani kitavuta waongozaji kuliko jiko zuri. Baadaye maji ya kunywa yaliyochemshwa, halafu benchi la kivuli. Chakula kije baada ya hapo, na kwa makubaliano ya kupigiwa simu siku moja kabla, ili usipike kwa kubahatisha. Jamu ya matunda damu au pichi inauzika pia, ila ikiwa na kifuniko kilichoziba na tarehe. Mgeni akiumwa tumbo mara moja, njia yako imefungwa.

Kwa upande wa kijiji, hoja kubwa ni mkataba. Njia inayopita mashambani kwa watu haipaswi kuuzwa kwa maneno ya mdomo. Serikali ya kijiji ina uwezo wa kuitisha mkutano mkuu, kuorodhesha mashamba yanayopitiwa, kukubaliana na vikundi vya waongozaji kiasi cha kila mgeni kitakachobaki kijijini, na kuandika ni nani atakarabati kipande gani. Mgawo usomwe mkutanoni kila baada ya miezi mitatu, kama mapato mengine. Sehemu kubwa ya uchungu unaousikia vijijini kuhusu utalii hautokani na udogo wa fedha. Unatokana na kutojua zilikuwa ngapi.

Mgeni naye ana wajibu. Aongozane na mtu anayetambuliwa, adai stakabadhi, asikate njia ya mkato ndani ya mazao, na asimpige picha mtu bila kumwomba. Na asitoe peremende kwa watoto njiani. Mtoto aliyezoea peremende ataacha shule siku ya wageni.

Wapo watakaouliza kwa nini mkulima aweke matumaini kwa wageni ambao wanaweza wasije. Ni swali halali, na jibu lipo upande wa pili wa bonde la Lwengera, katika Usambara Mashariki. Huko kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yenye hekta 8,380, ambayo njia zake nyingine hupitika kwa gari na nyingine kwa miguu. Wanavijiji wa jirani, chini ya mradi wa vipepeo, walikuwa wakifuga vipepeo na kuuza buu zake nje ya nchi kwa maonyesho. Fedha zilikuwa nzuri na msitu ulipata walinzi wasiolipwa mshahara. Mwaka 2016 serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, soko likakatika kwa siku moja. Miaka minne baadaye, 2020, ugonjwa wa korona ukawazuia wageni wa nje katika milima yote miwili.

Sio mara ya kwanza utajiri wa Usambara kunenepea mbali. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao ua dogo la zambarau kutoka nchi hii ya Tanga. Leo linauzwa kwenye vyungu madirishani duniani kote kwa jina la Saintpaulia, na wenye mlima hawapati hata senti ya udongo wake.

Njia ya miguu haiwezi kusafirishwa kwenye chungu. Anayetaka kuitumia lazima aje. Na yuko mteja ambaye hahitaji viza: mwalimu wa Tanga, karani wa Dar es Salaam, wanafunzi wa Korogwe, kwaya ya Moshi, familia ya Arusha iliyochoka joto la Desemba. Kundi hili halina dola, lakini linakuja kwa basi, linakula ugali bila maelezo, linarudi Pasaka na ndugu zaidi. Vijana wa mijini sasa wanapanda milima kwa makundi mwisho wa wiki na kutumiana picha usiku huohuo. Bei ya mgeni wa nje haiwafai, na vikundi vingi vya waongozaji bado vinaona aibu kutaja bei ya mwenyeji. Waiweke ubaoni. Watu thelathini wa Sh10,000 si wabaya kuliko wawili wa Sh100,000, ila wanaacha njia imechoka zaidi, na hilo linaturudisha kwenye makinga maji.

Kwa anayepanga safari, miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba, njia zikiwa kavu. Juni na Julai baridi ya usiku ni kali. Blanketi moja la nyumba ya wageni halitoshi. Januari na Februari pia panafaa. Masika, Machi hadi Mei, barabara ya Irente bado inapitika kwa miguu, lakini ya Bangala na mteremko wa kwenda Mtae viachwe kwa wenyeji. Viatu viwe na meno. Beba maji lita moja na nusu, koti la mvua hata kama mbingu iko safi, na suruali ya kuchomeka ndani ya soksi, maana siafu wa Magamba hawachagui mgeni wa daraja gani.

Na ukipita mahali ambapo njia mpya imeingia kwenye maharage, rudi kwenye ile ya zamani, hata kama itabidi uishuke kwa makalio.